Gari la Zamani Lisilowaka Alfajiri: Soma Dalili Kabla ya Kununua Betri

Hapa Tanga gari likikataa kuwaka alfajiri husemwa kwamba limeingiwa na baridi, ingawa hata katika Julai, kipupwe kikiwa kimekolea, baridi ya Raskazone au Sahare haitoshi kuizuia injini iliyo nzima. Kinachofanya kazi usiku kucha ni hewa ya bahari. Chumvi na unyevu wake hupenya katika kila kiungo cha waya kilicholegea, huigeuza shaba kuwa unga wa kijani, na hutua kama jasho juu ya kifuniko cha distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi. Jua likishapanda na kukausha, gari linawaka, na mwenye gari anaondoka akiamini kuwa limepona, mpaka alfajiri inayofuata.

Nimeshika waya za magari kwa muda mrefu, na naona kwamba betri, plagi na stata nyingi zinazonunuliwa Ngamiani hununuliwa kabla mtu hajafungua hata nati moja. Maelezo haya yamepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili kinachosababisha mara nyingi kimetangulia. Magari ninayoyafikiria ni Corolla na Mark II za miaka ya 1990, pikapu za kabureta, Hilux za dizeli, na zile Land Rover ambazo bado zinapanda Usambara kila wiki.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mita ya bei ndogo inayopima volti, spana namba 10, brashi ya waya au kipande cha msasa, taa ya kujaribia yenye klipu, na kitambaa kikavu. Vua pete na saa ya chuma, vuta breki ya mkono, weka gia huru, na usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu na betri, kwa sababu betri inayochaji hutoa gesi ya hidrojeni ambayo hulipuka kwa cheche ndogo. Unapofungua betri anza na waya wa hasi, na unapofunga malizia nao. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utakuwa umeunganisha ncha mbili za betri kwa kipande cha chuma ulichokishika mkononi.

Panasikika tik-tik-tik ya haraka, na taa za dashibodi zinafifia

Hii ndiyo dalili inayoletwa kuliko zote. Sababu ya kwanza ni uchafu au ulegevu kwenye vichwa vya betri, ya pili ni betri isiyojaa, ya tatu ni waya wa ethi, yaani ule unaounganisha hasi ya betri na injini na bodi, uliooza, na ya mwisho kabisa ni stata iliyokamata.

Anza kwa mkono. Jaribu kuzungusha kishikio cha waya juu ya kichwa cha betri. Kikizunguka hata kidogo, umeshapata la kufanya. Fungua, sugua kichwa na ndani ya kishikio mpaka risasi ing'ae, kisha funga na upake grisi juu yake baada ya kufunga, wala si kabla. Ule unga mweupe au wa kijani uliorundikana huondoka kwa maji ya moto yaliyotiwa kijiko cha magadi, haya haya ya kulainishia maharage, ambayo hutoa povu yanapokutana na asidi. Hakikisha vizibo vya betri vimefungwa ili maji hayo yasiingie ndani.

Baada ya kusafisha, pima. Betri iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu, na chini ya 12.0 haina kitu cha kutegemewa. Hata hivyo kipimo cha betri iliyolala hakitoshi, kwa kuwa betri inaweza kusoma vizuri ikiwa imepumzika na kuanguka mara tu inapopewa kazi. Mwambie mtu apige stata huku ncha za mita zikiwa juu ya vichwa vyenyewe vya betri, wala si juu ya vishikio. Ikishuka chini ya volti 9.6, betri haina nguvu, au haikuchajiwa. Ikibaki juu ya 11 na stata bado inalia tik-tik, betri haina kosa, na umeme unapotelea njiani.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo la mwalimu mmoja mstaafu wa Chumbageni, mwenye Corolla anayoitunza kama mtoto, ambaye alikuwa amenunua betri mbili ndani ya miezi saba. Nilimwambia, "Mwalimu, shikamoo, hebu kaa kwenye usukani unipigie stata, betri usiiguse kwanza." Betri ilisoma 12.5 ikiwa imetulia, na wakati wa kupiga stata ilishuka mpaka 12.1 tu. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye chuma cha injini, akapiga tena, na mita ikasoma volti 2.8. Kipimo hicho hakitakiwi kuzidi nusu volti. Waya mwembamba unaotoka hasi kwenda kwenye bodi ulikuwa wa moto kiasi cha kutoshikika, kwa sababu mzigo wa stata nzima ulikuwa unapita humo. Ule mnene unaokwenda kwenye giaboksi ulionekana mzima, mweusi, wala haukuchubuka popote. Lakini nilipoukunja karibu na kichwa chake cha chuma ulivunjika kama kijiti kikavu, na ndani ukamwaga unga wa kijani. Waya mpya, boliti iliyosuguliwa mpaka ikawa nyeupe, na gari likawaka kwa mguso wa kwanza.

Fanya kipimo hicho hicho upande wa chanya: ncha moja kwenye kichwa cha chanya, nyingine kwenye boliti nene ya stata, huku stata inapigwa. Huko pia nusu volti ndiyo mpaka.

Ukilazimika kuazima umeme kwa gari lingine, unganisha chanya kwa chanya, kisha hasi ya gari zima, na ncha ya mwisho iende kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Kuna tahadhari moja ambayo vijana wengi hawaijui: Land Rover na magari mengine ya Kiingereza yaliyotoka kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 mara nyingi yaliundwa chanya ndiyo ikiwa ethi. Tazama waya gani umefungwa kwenye chasisi kabla ya kuunganisha chochote. Betri ikiwa imevimba, imepasuka au inavuja, usiichaji wala usiiazimie umeme, iondolewe.

"Tak" moja, kisha kimya, na taa zimebaki ziking'aa

Taa zisipofifia, maana yake stata haijala umeme. Kwenye Toyota za miaka ya 1980 na 1990 mtuhumiwa wa kwanza ni vipande viwili vya shaba vilivyomo ndani ya solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, ambavyo huungua na kulika upande mmoja kila gari linapowashwa, mpaka siku moja havigusani vizuri. Utaitambua kwa tabia yake: unapiga mara tano hupati kitu, ya sita inazunguka kwa nguvu zote kama vile haikuwa na tatizo. Vipande hivyo huuzwa peke yake kwa bei ndogo sana ukilinganisha na stata nzima, na fundi anayekuambia ununue stata bila kuifungua hii yako muulize kwa upole amepima nini. Baada ya hapo ndipo utazame kaboni za stata zilizokwisha.

Watu hugonga stata kwa nyundo ili iamke. Kugonga kidogo kwa mpini kunaweza kukufikisha nyumbani, na kunathibitisha kwamba tatizo liko ndani yake, lakini stata nyingi zina sumaku au vigae vinavyovunjika. Kamwe usilale chini ya gari na kuunganisha boliti za stata kwa bisibisi huku gari limo kwenye gia. Litaruka na kukukanyaga.

Kimya kabisa

Kama hata taa haziwaki, rudi kwenye vichwa vya betri na fyuzi kuu. Kama taa zinawaka lakini stata haitoi hata mlio, na gari ni la otomatiki, peleka gia kwenye N ujaribu tena, maana swichi ya kwenye gia huchoka upande wa P kwanza. Kinachofuata ni waya mwembamba wa solenoidi uliochomoka au kuota kutu, kisha rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, na mwisho swichi ya ufunguo. Taa ya kujaribia ikiwaka kwenye waya huo mwembamba wakati ufunguo umezungushwa, swichi haina kosa.

Stata inazunguka kivivu kama mtu aliyeamshwa usingizini

Mjini dalili hii ni ile ile ya viungo na betri, na vipimo ni vile vile. Nimeitenga kwa ajili ya wale wanaopanda. Gari linaondoka Tanga likiwaka vizuri, linapita Mombo, linakwea kupitia Soni, linalala Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya bahari, na alfajiri halizunguki. Watu huilaumu Lushoto. Betri ilikwisha kuuawa na joto la Februari hapa mjini, lililokausha maji yake na kula mabamba yake. Baridi ya Lushoto ilitangaza msiba tu. Betri huwa na nguvu ndogo zaidi ikipoa, na saa hiyo hiyo oili nzito imeganda kama uji na kuifanya injini iwe ngumu kuzungushwa.

Kwa hiyo kabla ya safari ya juu pima betri ikiwa inafanya kazi, kama nilivyoeleza, na kama ina vizibo vifungue utazame kina cha maji. Mabamba yawe yamefunikwa. Ongeza maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, si ya bomba, si ya kunywa ya chupa, wala si asidi. Oili ya namba moja, kama ile ya SAE 40, inafaa kuachwa kwa anayelala Mlalo au Lushoto mara kwa mara. 20W-50 ni nafuu kwake, na nyepesi kuliko hiyo kama kitabu cha gari kinaruhusu.

Injini ikikataa kuzunguka hata kwa betri nzuri na viungo safi, acha. Inawezekana maji yameingia ndani ya silinda, hasa kama kiwango cha rejeta kimekuwa kikishuka bila kuonekana panapovuja, na kulazimisha hapo hupinda kono za pistoni. Hiyo ni kazi ya fundi wa injini.

Stata inazunguka vizuri, injini ya petroli haishiki

Hapa pana mambo mengi, na ndipo hewa yetu ya bahari inapofanya kazi yake hasa.

Kama gari lina distributa na tatizo huja alfajiri au baada ya mvua za masika peke yake, fikiria unyevu kwanza. Usipige stata mpaka betri iishe. Fungua boneti, toa kifuniko cha distributa bila kuchomoa waya za plagi, kifute ndani na nje kwa kitambaa kikavu, ufute na waya zenyewe na mdomo wa koili, ile inayozalisha umeme mkali wa plagi. Mara nyingi gari litawaka hapo hapo. Lakini kufuta hakutibu. Ili uone ugonjwa wenyewe, subiri giza, kabla ya adhana ya alfajiri hivi, zima taa zote, mwambie mtu apige stata, nawe simama pembeni utazame bila kugusa chochote. Waya zilizochoka huonekana zikimetameta rangi ya buluu, na mahali cheche inaporukia chuma huonekana wazi kama mshumaa mdogo. Mchana wake kitazame kifuniko kwa ndani: mstari mwembamba mweusi kama unywele, unaotoka tundu moja kwenda jingine, ni njia ambayo umeme umeshajichongea, na hakuna msasa utakaoifuta. Badilisha kifuniko na rota pamoja. Nyongeza: wengi wa wateja wa dalili hii wametoka kuosha injini kwa mashine ya presha siku iliyotangulia. Uchafu juu ya injini ya zamani haujawahi kuizuia kuwaka.

Kwenye gari la kabureta sababu inayofuata ni choki, na mara nyingi kosa ni la mguu wa dereva. Petroli hukauka ndani ya bakuli la kabureta gari likikaa siku kadhaa, hivyo pigo la kwanza la stata hujaza bakuli tu. Kanyaga pedali ya mafuta mara moja au mbili, vuta choki, piga. Ukisikia harufu kali ya petroli, umelowesha plagi. Rudisha choki, kanyaga pedali mpaka chini bila kuipampu, na upige stata kwa sekunde zisizozidi 10, kisha ipumzike nusu dakika. Kama choki ni ya kujiendesha, toa kifuniko cha chujio la hewa injini ikiwa imepoa, utazame kama kile kibamba cha juu kimejifunga. Kikibaki wazi, kimekwama kwa uchafu.

Toa plagi moja na uisome. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na moto haupo au ni dhaifu. Ikiwa kavu kabisa baada ya kupiga stata kwa muda, mafuta hayafiki. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, mafuta yamezidi hewa. Pengo la plagi limeandikwa katika kitabu cha gari, na plagi ya zamani pengo lake hupanuka kila kukicha. Kwa magari yenye pointi, zile ncha mbili zinazokata na kuunga umeme wa koili ndani ya distributa, zifungue kwa ukucha utazame nyuso zake. Zikiwa zimeungua na kuota kichuguu, badilisha pamoja na kondensa, kwani kondensa mbovu itaziunguza mpya ndani ya siku chache.

Kuna dalili ndogo ndani ya hii ambayo huwapotezea watu wiki nzima: injini inashika ufunguo ukiwa umeshikiliwa, na inazima mara tu unapouachia. Katika magari mengi yenye pointi, koili hupata umeme kamili wakati wa stata, kisha ufunguo ukirudi umeme hupitia kwenye kizuizi kinachoupunguza. Kizuizi hicho kikikatika, au swichi ya ufunguo ikichoka kwenye nafasi hiyo, hali huwa hiyo hiyo. Kubadilisha koili hakutasaidia kitu.

Kwa magari ya sindano ya mafuta, yaani EFI, anza na pampu, ila ujue kwamba katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 pampu haisikiki ufunguo unapowekwa ON; huanza pale stata inapopigwa. Nimeona pampu nzima zikitupwa kwa kutojua hilo. Pampu ikiwa inalia na plagi zina moto, lakini injini huwaka kwa shida ikiwa imepoa tu na huwaka vizuri ikipata joto, shuku sensa ya joto la maji, ambayo huiambia kompyuta ya injini iongeze mafuta asubuhi. Ichomoe waya uipime kwa mita: kwenye nyuzi 20 Toyota nyingi hutoa kati ya ohm 2,000 na 3,000, na kwenye nyuzi 80 kati ya 200 na 400. Toyota za kizazi hicho pia hujisemea zenyewe. Kwenye kiboksi cha uchunguzi kilicho chini ya boneti unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka ufunguo ON, na uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Mipepeso miwili, kituo kifupi, kisha miwili tena ni namba 22, yaani sensa hiyo au waya zake. Hakikisha majina ya matundu kwenye kifuniko kabla ya kuunganisha. Ukikosea unaweza kuiua kompyuta.

Acha na umwite fundi katika hali tatu: ukiona petroli inadondoka mahali popote, ukitaka kufungua bomba la mafuta la EFI, ambalo hubaki na presha hata gari likiwa limezimwa, na unapofika kwenye moto wa plagi wa gari lenye ignisheni ya kielektroniki. Umeme wa hapo huzidi volti 20,000, na mwenye kifaa cha kuendeshea moyo kifuani asikaribie kabisa. Wala usiache waya wa plagi ukining'inia huku stata inapigwa, kwani kifaa cha ignisheni huungua kwa kukosa pa kutolea umeme.

Dizeli inazunguka, inatoa moshi mweupe, haiwaki

Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli maana yake mafuta yanaingia lakini hayaungui, na hita plagi, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, ndizo za kwanza kulaumiwa. Fungua kile kipande cha chuma kinachoziunganisha, shika klipu ya taa ya kujaribia kwenye chanya ya betri, na gusisha ncha yake juu ya kila hita plagi. Isiyowasha taa imekatika. Mbili zikikatika kati ya nne, gari litawaka Tanga na kukataa Lushoto. Zote zikiwa nzima, tazama kama umeme unafika kwenye kile kipande ufunguo ukiwa ON. Usipofika, ni fyuzi kubwa au rilei yake. Usizijaribu kwa kuziunganisha moja kwa moja na betri mpaka usome maandishi yake, kwa sababu baadhi ya hita plagi za dizeli za zamani ni za volti 6 na huungua mara moja.

Kama hakuna moshi wowote, dizeli haifiki. Pampu kwa mkono juu ya chujio mpaka pawe pagumu, kisha piga. Likiwaka, na kesho ukarudia yale yale, kuna mahali hewa inaingia na mafuta yanarudi tangini usiku: oringi ya chujio, mpira uliopasuka, au pampu ya mkono yenyewe.

Kuna mazoea ya kuweka kitambaa kilicholoweshwa petroli, au hata chenye moto, kwenye mdomo wa chujio la hewa. Tafadhali usifanye hivyo. Mvuke wa petroli au wa dawa ya kupulizia, ukikutana na hita plagi iliyowaka, hulipuka kabla pistoni haijafika juu, na nimeona pistoni iliyopasuka kwa njia hiyo.

Gari likilala siku mbili betri imekufa

Baada ya kuhakikisha betri ni nzima, kuna kitu kinachokula usiku. Funga milango, toa ufunguo, fungua waya wa hasi na uweke mita iliyowekwa kwenye ampea, tundu la 10A, kati ya waya huo na kichwa cha betri. Subiri nusu saa. Kisichozidi ampea 0.05 ni halali ya saa na kumbukumbu ya redio. Ampea 0.5 inaonekana ndogo, lakini ni saa za ampea 12 kwa siku, na betri ya 45 itakuwa imepoteza zaidi ya nusu kwa siku mbili. Chomoa fyuzi moja moja mpaka usomaji uanguke. Fyuzi hiyo itakuonyesha njia. Mara nyingi ni redio au alamu iliyofungwa baadaye, kisha taa ya buti isiyozima, kisha diodi ya alteneta, yaani mashine inayochaji betri, ambayo haionekani kwenye fyuzi na hujulikana kwa kuchomoa waya mnene wa alteneta, betri ikiwa imefunguliwa kwanza. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa hapo, itaungua.

Taa ya betri imewaka njiani, au taa za mbele zinang'aa kupita kiasi

Injini ikiwa inanguruma, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya 13, tazama mkanda kwanza, kama umelegea au umepata mng'ao wa kioo, kisha plagi ya waya nyuma ya alteneta, kisha kaboni zake. Kwenye magari mengi ya zamani taa ile ya betri ndiyo inayoiamsha alteneta, kwa hiyo ufunguo ukiwekwa ON na taa isiwake kabisa, balbu iliyokufa inaweza kuwa ndiyo sababu ya betri kutochaji.

Ikizidi 15, regyuleta, yaani kidhibiti cha volti za alteneta, imekufa. Betri itachemka, itanuka kama yai viza, na balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Zima gari na usiendelee na safari hiyo. Na usijaribu alteneta kwa kufungua waya wa betri injini ikiwa inawaka, kama walivyofanya wazee kwa dainamo. Umeme hupanda ghafla na kuua diodi, redio na kompyuta ya injini kwa pamoja.

Ukikanyaga breki, indiketa nayo inawaka

Hiyo ni ethi ya taa ya nyuma, karibu kila mara. Umeme ukikosa njia ya kurudi hupitia kwenye balbu ya jirani. Fuata waya mweusi, kwenye Toyota mara nyingi mweupe wenye mstari mweusi, mpaka ulipofungwa kwenye bodi, sugua rangi na kutu mpaka chuma kionekane, funga tena. Taa hafifu za mbele hutibiwa vivyo hivyo.

Fyuzi inaungua tena na tena, au unasikia harufu ya plastiki

Fyuzi ya ampea 15 ikiungua, weka ya 15 mara moja tu. Ikiungua tena, chomoa kila kitu kilicho kwenye njia hiyo na tafuta waya uliochubuka, hasa kwenye mkunjo wa mlango, chini ya zulia, na pale mtu alipounga kwa kusokota na kuzungushia selotepu nyeusi, ambayo joto letu huifungua gundi yake ndani ya miezi michache. Usiweke ya 30, na usizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kwa sababu kitakachoungua safari hiyo ni waya wote ndani ya dashibodi. Waya za rangi ya njano kwenye usukani na chini ya dashibodi ni za mifuko ya hewa; hizo usizipime, usizichomoe, wala usizitie taa ya kujaribia.

Harufu ya plastiki ikitokea, zima injini, fungua waya wa hasi kwa ile spana namba 10, na kama gari limo kwenye banda la makuti lisukumeni nje kabla ya kitu kingine chochote. Boneti inayotoa moshi isifunguliwe yote kwa mara moja. Waya wa hasi usiurudishe ili "kuangalia kama bado", bali uache hivyo hivyo mpaka fundi umeme afike na kuona mwenyewe panapotoka joto.